Je, nipike sufuria mbili kwa sababu ya moyo wa mume wangu?

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Umoja. Mume wangu ana umri wa miaka 46 na ni dereva wa matatu. Mwezi uliopita alishikwa na kizunguzungu akiwa stejini, akaenda kupimwa, na majibu yakawa hivi: shinikizo la damu 148 kwa 92, kolesteroli kwa jumla 6.4, ile inayoitwa LDL 4.3, HDL 1.1 na trigliseridi 2.1. Daktari alimwandikia vidonge vya aina mbili, vya shinikizo na vya kolesteroli, akamwambia abadilishe chakula, na mazungumzo yakaishia hapo kwa kuwa foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu. Nina hofu kubwa kwa sababu baba mkwe wangu alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 58.

Tangu siku hiyo ninapika sufuria mbili. Yake ni ya kuchemsha tu, bila mafuta wala chumvi, na ile nyingine ni yangu na watoto wetu watatu. Yeye huonja vijiko viwili, akasema hicho ni chakula cha wodini, akaondoka. Nami ninajua vizuri kwamba hushibia stejini kwa smoki, chapati na supu ya mifupa. Chapati za nyumbani ninazipika kwa mafuta ya kuganda, na mboga kwa mafuta ya salad ya kupima, ambayo muuzaji ameniambia kwamba haina kolesteroli. Pakiti ya chumvi ya kilo moja hainifikishi mwisho wa mwezi. Chai anakunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari.

Mama mkwe anasema niondoe mayai kabisa, ila nyama ya mbuzi haina neno. Mama mmoja tunayesali naye anauza unga wa kusafisha mishipa kwa shilingi 4,500 kopo moja, na mume wangu amevutiwa nao kiasi cha kutaka kuacha vidonge. Bajeti yetu si ya kununua samaki wa bei kubwa wala matunda ya dukani. Tafadhali niambie nipike nini, na kama huo unga unafaa.

Mama wa watatu, Umoja

*

Dada mpendwa,

Nitaanza na lile la mwisho ulilouliza kwa sababu haliwezi kungoja. Mwambie mume wako asiache vidonge, na hizo shilingi 4,500 zibaki nyumbani. Wauzaji wa unga kama huo huuza kwa mfano wa bomba la maji: mishipa imeziba kwa mafuta, mimina dawa, uchafu utoke. Mfano huo unaeleweka haraka, na ndiyo sababu unauza, lakini mwili haufanyi kazi hivyo. Mafuta yanayodhuru hayakai juu ya ukuta wa mshipa yakingoja kusuguliwa. Chembe za LDL, yaani zile zinazobeba kolesteroli inayodhuru katika damu, hupenya chini ya utando wa ndani wa mshipa, hukaa ndani ya ukuta wenyewe, mwili huzishambulia kama kitu kigeni, na kwa miaka mingi hapo hujengeka uvimbe wenye mafuta ndani na ngozi juu yake. Siku ngozi hiyo inapopasuka, damu huganda mahali hapo, na donge hilo ndilo linaloweza kuziba mshipa wa moyo au wa ubongo kwa dakika chache. Hakuna unga, limau wala kitunguu saumu kinachofika huko na kufagia. Kinachoweza kufanyika, na ambacho ni kikubwa, ni kupunguza LDL inayozunguka katika damu ili uvimbe usiendelee kukua, utulie, na pengine upungue kidogo. Vidonge vya kolesteroli hufanya hivyo kwa kupunguza utengenezaji wake katika ini, na chakula husaidia kwa njia nyingine nitakazoeleza. Mtu mwenye LDL ya 4.3, shinikizo la juu na baba aliyekufa kwa kiharusi kabla ya kufika miaka 60 anahitaji vyote viwili. Isitoshe, unga ambao hujui ndani yake mna nini unaweza kugongana na dawa anazotumia. Nchini kwetu dawa husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na kopo lisilo na usajili huo halipaswi kupewa mtu mwenye shinikizo la damu, hata likiuzwa na mtu mwema tunayesali naye.

Sasa tuje jikoni. Ninakuomba uache sufuria mbili kuanzia wiki hii. Chakula cha kuchemsha bila ladha hakimsaidii mtu asiyekila, na kwa kweli umemsukuma stejini, mahali ambapo huna sauti juu ya mafuta wala chumvi. Watoto wako pia wana damu ya babu yao. Chakula kinachofaa moyo wa baba kinafaa nyumba nzima, mradi kiwe kitamu.

Jambo ambalo ningetaka ulishike kuliko yote ni hili: usitafute chakula cha kuongeza, tafuta cha kubadilisha. Parachichi likiongezwa juu ya chapati iliyoelea mafuta ya kuganda halitarekebisha kitu. Watafiti wanapopima athari za mafuta kwa moyo, swali lao huwa ni kile kilichowekwa mahali pa kile kilichoondolewa. Mafuta mazito, yaani yale ya jamii inayopenda kuganda, yakiondolewa na mahali pake pakaingia mafuta mepesi ya mbegu, njugu na samaki, LDL hushuka. Mahali hapo pakiingia mkate mweupe na sukari, faida karibu yote hupotea.

Kwa hiyo anza na mtungi wa mafuta. Muuzaji aliyekwambia kwamba salad yake haina kolesteroli hakusema uongo, lakini hakukusaidia pia. Kolesteroli hupatikana katika vyakula vya wanyama pekee, basi hakuna mafuta ya mmea hata moja yaliyo nayo, na maandishi hayo kwenye chupa yanasifu kitu ambacho kila chupa jirani yake inacho. Kinachopandisha LDL zaidi si kolesteroli iliyo katika chakula, bali ni mafuta mazito, ambayo hulifanya ini lipunguze kasi ya kuiondoa LDL katika damu. Mengi ya mafuta ya kupikia tunayouziwa nchini hutokana na mawese yanayoagizwa kutoka Malaysia na Indonesia, na mawese, hata yakichujwa yakawa ya majimaji na rangi ya dhahabu, zaidi ya sehemu mbili kwa tano zake ni mafuta mazito. Ukitaka kuyatambua, yaangalie asubuhi ya baridi ya Julai hapa Nairobi: huanza kuwa na ukungu mweupe na kuganda chini ya chupa. Mafuta ya alizeti yana uzito huo kwa takriban sehemu moja kwa kumi tu. Ya soya na ya kanola pia ni mepesi. Ya nazi, ambayo siku hizi yanasifiwa sana mitandaoni, yamezidi hata mawese, kwani zaidi ya sehemu nane kwa kumi zake ni mazito. Wali wa nazi uwe wa sherehe, usiwe wa kila Jumapili.

Yale ya kuganda ya kopo ningeyaondoa kabisa. Mengine yana mawese yaliyokaza, na mengine, hasa yaliyogandishwa nusunusu kwa haidrojeni, huwa na mafuta ya transi, ambayo hupandisha LDL na wakati huohuo kushusha HDL, ile inayosaidia kuondoa kolesteroli. Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 kwamba mafuta ya transi ya viwandani yaondolewe katika chakula cha dunia nzima. Lebo ikitaja haidrojeni, rudisha kopo rafuni. Alizeti ina bei kubwa kuliko salad ya kupima, ninalijua hilo, na ndiyo maana sikushauri ununue kiasi kilekile. Nunua chupa ndogo, na badala ya kumimina kutoka kwenye mtungi, pima kwa kijiko: vijiko viwili au vitatu vya mezani vinatosha sufuria ya mboga ya watu watano. Chapati zipake mafuta kidogo juu ya kikaango badala ya kuzikanda na kuzikunja kwa mafuta, na unga uwe wa ngano isiyokobolewa, au nusu kwa nusu ikiwa watoto watalalamika. Mafuta yaliyokwisha kukaangia, usiyahifadhi kwa ajili ya kesho.

Baada ya mafuta, msaada mkubwa ni maharagwe, nami hapa sitakuwa mfupi, kwa sababu chakula hiki tunakidharau wakati ndicho kinachofaa mfuko wako. Maharagwe, ndengu, kunde, njahi na mbaazi vina nyuzi laini ambazo tumboni huvuta maji na kuwa kama uteute mzito. Uteute huo hunasa nyongo na kutoka nayo. Ini hutengeneza nyongo kwa kutumia kolesteroli, basi nyongo inapopotea, ini hulazimika kuchota kolesteroli zaidi kutoka kwenye damu ili kutengeneza nyingine. Hivi ndivyo sahani ya madondo inavyoweza kushusha LDL bila miujiza yoyote. Shayiri hufanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo uji wa shayiri asubuhi ni mzuri, lakini usijione umekosa ikiwa bei yake inakushinda. Ukiweza, kunde za aina yoyote ziwe mezani siku nne au tano kwa wiki, zikichukua nafasi ya nyama, si kuwa kando yake.

Githeri ya nyumbani yenye karoti, kitunguu, dania na robo ya parachichi kwa kila sahani ni mlo kamili, na hakuna mtu atakayeuita wa wodini. Roweka nafaka usiku ili usimalize gesi. Kama unanunua kutoka kwa akina mama wanaouza maharagwe yaliyochemshwa mtaani, jambo ambalo si baya hata kidogo, waulize kwanza kama wametia magadi. Wengi huyatia ili yalainike haraka, na wengine huyatia hata katika managu. Magadi ni chumvichumvi ya sodiamu, na sodiamu ndiyo ile sehemu ya chumvi inayopandisha shinikizo. Mtu anaweza kujinyima chumvi mezani kisha akaila yote kupitia magadi bila kujua.

Hapo tumefika kwenye ile pakiti yako ya kilo moja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumlisha chumvi iliyo katika mkate, soseji na viungo vya pakiti. Nyumba ya watu watano, hata tukiwahesabu watoto kana kwamba ni watu wazima, haipaswi kupita gramu 750 kwa mwezi. Ninyi mnamaliza kilo kabla mwezi haujaisha, na mume wako anakula nyingine nje. Usiiondoe ghafla. Punguza robo kwa wiki mbili, kisha robo nyingine, ulimi huzoea. Badala yake tumia ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, dania, pilipili na nyanya iliyoiva vizuri. Hapo ndipo ndimu na kitunguu saumu vinapousaidia moyo kweli, kwa kukaa mahali pa chumvi. Zile pakiti na vibonge vya kukoleza mchuzi, ambavyo ninajua viko karibu katika kila jiko la Nairobi, ni chumvi kwa sehemu kubwa. Ukivitumia, usitie chumvi nyingine. Na chumvi mbadala yenye potasiamu usimpe kabla ya kumwuliza daktari, kwa kuwa baadhi ya dawa za shinikizo huzuia potasiamu isitoke mwilini, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Potasiamu iliyo katika chakula cha kawaida ni habari nyingine, mradi figo zake ziwe nzima. Omba zipimwe ikiwa hazijapimwa. Sukuma wiki, managu, terere, mchicha, majani ya kunde, ndizi, viazi vitamu na maharagwe husaidia mwili kutoa sodiamu na kulegeza mishipa. Mwaka 1997 kulichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani linaloitwa DASH, ambapo watu walipewa mlo wenye mboga na matunda mengi, maziwa yaliyopunguzwa mafuta na nyama kidogo. Wale waliokuwa na shinikizo la juu walishuka kwa takriban vipimo 11 katika namba ya juu wakilinganishwa na waliokula mlo wa kawaida, na mabadiliko yalianza kuonekana ndani ya wiki mbili. Huhitaji matunda ya dukani kwa hilo. Nenda Marikiti au Gikomba asubuhi na mwenzako, mgawane fungu. Kinachotakiwa ni gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa kila mtu, na sahani ambayo nusu yake ni mboga za majani, pamoja na ndizi moja na chungwa, hufika hapo. Mboga uzikaange kidogo kisha uziepue zingali kijani.

Samaki wako ni omena. Ni wadogo, wana mafuta mepesi ya omega-3, na hupatikana Gikomba kwa bei ambayo nyama haiigusi. Waoshe kwa maji moto, wapike kwa nyanya na kitunguu, mara mbili kwa wiki, bila kuwazamisha katika mafuta kama wanavyofanya wengi.

Kuhusu mayai, mama mkwe ana hofu iliyokuwa ya kawaida zamani. Kiini kina kolesteroli nyingi, ni kweli, lakini kwa watu wengi huipandisha LDL kidogo tu, chini ya yale mafuta mazito tuliyozungumzia. Kwa mume wako ningeruhusu matatu au manne kwa wiki, ya kuchemsha. Nyama ya mbuzi haina msamaha wowote wa pekee. Ni nyama nyekundu kama ya ng'ombe, ingawa aghalabu mafuta yake ni machache. Iwe mara moja au mbili kwa wiki, kipande cha ukubwa wa kiganja, mafuta yakiwa yamekatwa, na kile kichuguu cha chumvi pembeni mwa ubao wa nyama choma kisogezwe kando, kachumbari ichukue nafasi yake. Mwambie mama mkwe hayo kwa upole, ikiwezekana mume wako ayaseme mwenyewe.

Chai ina mambo mawili. Vijiko vitatu kwa vikombe vinne ni vijiko kumi na viwili, karibu gramu 48 za sukari, kiasi ambacho karibu kinamaliza kikomo chake cha siku nzima kabla hajaonja soda. Sukari nyingi ndiyo mojawapo ya sababu trigliseridi zake, yaani mafuta mengine yanayozunguka katika damu, zimefika 2.1. Ashuke hadi vijiko viwili, halafu kimoja. Maziwa yapunguzwe, au yawe ya mafuta kidogo.

Stejini hutakuwapo, kwa hiyo tusimpe masharti asiyoweza kuyatimiza. Smoki na soseji ndivyo ningemwomba aviache kabisa, kwa sababu vinakusanya chumvi na mafuta mazito katika kitu kidogo kisichoshibisha. Supu ya mifupa, ule utando wa mafuta uondolewe kwa kijiko na asiiongezee chumvi. Katika kibanda chochote cha Nairobi kuna madondo, ndengu, githeri na sukuma. Aagize hivyo na chapati moja, si tatu. Na wale vijana wanaouza njugu karanga katikati ya foleni ya magari wana chakula kizuri cha moyo kuliko wanavyodhani. Kiganja kimoja cha njugu zisizo na chumvi humzuia dereva asifike kwenye chipsi akiwa na njaa kali. Zenye ukungu au ladha chungu zitupwe. Bora zaidi, mfungie githeri kwenye kopo. Dereva anayekula chakula chake mwenyewe kabla ya zamu ya jioni huokoa pesa pia, na huenda hoja hiyo ikamwingia kuliko ya LDL.

Baada ya miezi mitatu arudi kupimwa kolesteroli, na shinikizo lipimwe mapema zaidi, kila wiki mbili kama kuna kituo cha afya karibu. Aandike majibu, na siku ya kumwona daktari aende na vidonge vyote mkononi, amwulize kama balungi linagongana na kile cha kolesteroli, maana baadhi yake hugongana nalo. Dozi ikipunguzwa, ipunguzwe na daktari kwa kuangalia namba hizo. Na kabla ya hapo, akipata maumivu au mkazo kifuani unaoenda mkononi au kwenye taya, akikosa pumzi bila sababu, au uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakimgongana mdomoni, usimpikie kitu wala usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.